Maji ya dobi: uchambuzi wa kisa cha vyoo vya maji machache Tabora

Kisa hiki, cha bomba la maji taka lililoanza kuziba baada ya vyoo kubadilishwa, kilitokea katika nyumba moja ya wageni Tabora mjini. Nimeondoa jina la nyumba, mtaa na wahusika wote. Mimi ni fundi sanifu wa mabomba, na niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo sehemu ya mwanzo nimeijenga kwa maneno ya waliokuwapo na kwa daftari la gharama la mwenye nyumba. Kuanzia siku tuliyolijaribu bomba kwa ugali, ni yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Nyumba na maji yake

Nyumba ina vyumba 18, tisa kila upande, vimepeana migongo. Katikati kuna ujia mwembamba, watu wawili hawapishani bila kugeuka ubavu, na chini ya ujia huo ndiko linakopita bomba kuu la maji taka. Kila chumba kina choo na bafu lake. Bomba ni PVC ya inchi 4. Linaanzia chemba ya kwanza, yaani shimo la ukaguzi lenye kifuniko, iliyoko uani na kwenda mita 36 hadi chemba ya nne iliyoko mbele, na kila baada ya mita 12 kuna chemba. Kutoka hapo linabadilika kuwa la inchi 6, mita 14 chini ya maegesho ya magari, mpaka kwenye tanki la maji taka na shimo lake la kunyonya.

Vyoo vya mwanzo vilikuwa vya kukaa, matanki yake yameandikwa lita 9. Lile moja lililobaki kwenye chumba cha mlinzi nilipolipima lilikuwa linamwaga lita 10, maana boya lilikuwa limepandishwa na mtu asiyejulikana, kama kawaida ya maboya.

Anayeijua Tabora anajua kwamba kabla maji ya Ziwa Viktoria hayajafika, mji ulitegemea mabwawa, Igombe na Kazima, na kiangazi mgao ulikuwa mkali. Siku hizo kila bafu la nyumba hii lilikuwa na pipa na ndoo. Mgeni akimaliza haja alichota, akamwaga. Kisha maji yanayovutwa Ihelele kule Misungwi yakaja kwa kupitia Solwa na Nzega, mgao ukapungua, mapipa yakaondolewa, matanki ya flashi yakaanza kufanya kazi yake, na bili nayo ikaanza kupanda. Mwenye nyumba, ambaye nitamwita Mzee, alinieleza hivi: zamani taabu yangu ilikuwa maji hayapo, sasa taabu yangu ni kwamba yapo na yanahesabiwa.

Kuna jambo dogo hapo ambalo nililipita siku ya kwanza bila kulitilia maanani. Enzi za ndoo, bomba hili halikuwahi kuziba.

Mabadiliko ya Juni

Mzee aliamua kubana matumizi, na sababu zake zilikuwa za mtu mwenye akili. Alinunua vyoo vipya 18 vyenye vitufe viwili, kikubwa kinamwaga lita 4.5 na kidogo lita 3. Hesabu yake tuliirudia pamoja mezani. Nyumba hulaza wageni kama 20 kwa usiku. Tukichukua kila mgeni anavuta maji mara nne kwa siku, ni mara 80. Kwa lita 10 hiyo ni lita 800. Kwa vyoo vipya, mara moja kitufe kikubwa na mara tatu kidogo, wastani unakuwa karibu lita 3.4, jumla kama lita 270. Anaokoa lita 530 kwa siku, yaani uniti 16 hivi kwa mwezi, uniti moja ikiwa lita 1,000. Hakuna mtu angemlaumu.

Pamoja na vyoo, alitoa maji ya kuoga na ya kunawia kwenye bomba kuu. Kiwanja kile kina udongo wa mfinyanzi, shimo la kunyonya lilikuwa limechoka, na gari la kunyonya maji taka lilikuwa likiitwa kila baada ya miezi michache. Maji ya bafuni hayana kinyesi, akasema, kwa nini yajaze shimo? Fundi wake akayakata kwenye gali trapu za ujiani, vile visima vidogo vinavyopokea maji ya bafuni, na kuyaelekeza kwenye migomba na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Migomba ilinawiri. Nimeiona.

Daftari la gharama linaonyesha mambo hayo mawili. Kulikuwa na la tatu, ila halikuandikwa popote kwa sababu halikugharimu chochote.

Wiki kumi za kuzibua

Mara ya kwanza bomba liliziba katikati ya Julai, nyumba ikiwa imejaa wageni wa msimu wa tumbaku. Chemba ya tatu ilifurika asubuhi, watu wanakunywa chai. Fundi alikuja na waya, akazibua, akaondoka. Baada ya siku tisa likaziba tena. Katika wiki kumi liliziba mara saba, na mara zote palikuwa palepale, kati ya chemba ya tatu na ya nne. Kabla ya hapo, siku za matanki ya lita 9, kwa kumbukumbu ya Mzee, waya ulikuwa ukiitwa mara moja kwa mwaka, pengine isifike.

Hatua zilizochukuliwa nazitaja kwa ufuatano wake, maana kila moja ilijengwa juu ya dhana.

Kwanza walilaumiwa wageni. Ikasemwa wanatupa pedi na matambara. Ndoo za taka zenye vifuniko zikawekwa bafuni, jambo jema lililopaswa kuwapo tangu mwanzo, lakini vilivyotolewa na waya havikuwa pedi. Vilikuwa karatasi za chooni zilizoshikamana kama pamba mbichi, na kinyesi kilichokauka.

Ikafuata magadi ya kuzibulia yaliyomwagwa usiku. Hayo huyeyusha mafuta ya jikoni. Karatasi hayaidhuru sana.

Kisha kikabandikwa kibao mlangoni: TAFADHALI VUTA MAJI MARA MBILI. Hapa ndipo Mzee alipoanza kuumia, kwa sababu mgeni aliyeambiwa avute mara mbili hachagui kitufe kidogo. Anabonyeza kikubwa, anasubiri, anabonyeza tena. Lita 9. Mara 80 kwa siku ni lita 720, na uniti 16 alizokuwa anajivunia zikabaki mbili na kitu. Choo cha kubana maji kilikuwa kinatumia maji karibu sawa na cha zamani, na bomba bado linaziba.

Mwisho fundi akatoa hukumu kwamba bomba ni jembamba, liwekwe la inchi 6 kote. Mzee alikuwa ameshanunua mabomba hayo aliponipigia simu rafiki yake mmoja na kuniomba nikaangalie kwanza kabla ujia haujachimbuliwa.

Siku ya ugali

Nilipofika nilikagua mteremko kwa levo ya mpira, ule mpira wa maji angavu ambao hauhitaji betri. Kutoka chemba ya kwanza hadi ya pili bomba linashuka kama sentimita 1 na nusu kwa kila mita, si vibaya. Ya pili hadi ya tatu ni pungufu kidogo. Ya tatu hadi ya nne ni sentimita 1 tu kwa mita, na kama mita 5 za katikati zimefanya tumbo: bomba limelala chini ya mstari wake kwa sentimita 3, maji yanatuama humo siku zote. Mlinzi alinieleza sababu kabla sijachimba. Pale palikuwa na mwembe. Ulikatwa wakati wa ujenzi, kisiki kikafukiwa, bomba likapitishwa juu yake. Kisiki kikaoza, udongo ukadidimia. Katika mji wenye miembe mingi kama Tabora, hili si jambo la kushangaza.

Lakini tumbo lile lilikuwapo kwa miaka mingi na bomba lilipita uchafu wake vizuri. Kwa hiyo tumbo lilieleza ni wapi linaziba, halikueleza kwa nini limeanza sasa.

Wanaopima vyoo maabara Amerika ya Kaskazini hutumia uji mzito wa soya uliofinyangwa mithili ya soseji. Sisi tulitumia ugali wa dona, uliosongwa mgumu, ukafinyangwa vipande vinne vya gramu 50, pamoja na karatasi za chooni zilezile za nyumba ile. Mpishi alikasirika. Alisema hajawahi kuona watu wazima wanamwaga chakula chooni mchana kweupe, na akataka kujua nani atalipia unga. Nililipa.

Tulifunua chemba zote, tukatia mzigo huo wa ugali na karatasi katika choo kilicho karibu na chemba ya kwanza, na kuhesabu ni mara ngapi maji yavutwe mpaka mzigo uonekane kwenye chemba inayofuata. Hii ni njia ya kienyeji lakini haihitaji kamera.

Kwa kitufe kikubwa, lita 4.5, mzigo ulifika chemba ya pili kwa mara ya pili, na chemba ya tatu kwa mara ya tano. Ndani ya tumbo ulikwama. Tulivuta mara tisa, karatasi bado zimekaa, zinapepea tu kama bendera. Kwa kitufe kidogo ilichukua mara nne kufika chemba ya pili peke yake. Tulikwenda kwa mlinzi tukafungua tanki lake la zamani, tukamimina ujazo wake ule wa lita 10 kwa mkupuo katika choo hichohicho cha kwanza: mara moja, mzigo uko chemba ya pili, mara tatu, uko chemba ya tatu.

Kisha nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Kulikuwa na ndoo ya lita 20 imejaa pembeni. Niliimwaga yote kwa mpigo mmoja ndani ya chemba ya kwanza. Maji yalikwenda na sauti, yakapita chemba ya pili yakiwa bado yana kichwa, yakafika ya tatu yakisukuma kila kilicholala njiani. Ndoo ya pili ilitoa hata zile karatasi za kwenye tumbo.

Tukajaribu lita 20 zilezile kwa mpira wa bustani, polepole, kwa dakika tano. Hakuna kilichosogea. Maji yalipita pembeni mwa ugali kama mto unavyozunguka jiwe.

Mama dobi

Wakati tunamwaga ndoo ya pili, mama anayefua mashuka ya nyumba ile alikuwa amesimama uani anatutazama. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema bila kuulizwa: hiyo si ndiyo kazi yangu mliyoninyang'anya?

Nilimwomba aeleze. Alikuwa amefua pale miaka mingi. Sinki lake la saruji lilikuwa uani, na tundu lake liliingia moja kwa moja chemba ya kwanza. Kila asubuhi alifua mashuka kwenye mabeseni makubwa, akasuuza, na kila beseni lilipokwisha kazi alilipindua lote kwa mara moja. Kwa siku anatumia lita 600 hivi. Mwezi wa Juni, fundi alipokuwa anahamisha maji ya bafuni, alimwambia naye maji yake yaende kwenye mchicha, bomba la bustani liko hapohapo mita mbili, haligharimu kitu. Hilo ndilo jambo la tatu ambalo halimo kwenye daftari.

"Nilimwambia yule kijana," mama akasema, "tangu uhamishe maji yangu chemba inanuka. Akaniambia mama, wewe fua."

Nilikaa chini na kalamu. Bomba kuu lilikuwa likipokea kwa siku lita 800 za vyoo, lita 550 hivi za kuoga na kunawa, na lita 600 za dobi. Jumla lita 1,950. Baada ya Juni lilibaki na lita 270. Mzee alidhani amepunguza maji ya choo kwa theluthi mbili. Bomba lenyewe lilipunguziwa maji mpaka likabaki na sehemu moja ya saba, na zaidi ya yote likanyang'anywa yale mabeseni ya asubuhi yaliyokuwa yanalifagia kila siku. Kazi hiyo hakuna aliyeibuni wala kuilipia, na kwa kuwa haikuwa na jina hakuna aliyejua kwamba imekoma.

Tulichoamua na tulichokataa

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kurudisha vyoo vya lita 9. Nililikataa kwa sababu vyoo vipya vyenyewe havikuwa na kosa. Vilisafisha sinki la choo vizuri, hata kwa ugali. Kurudi nyuma kungegharimu uniti zote 16 kila mwezi na tumbo la bomba lingebaki.

Pendekezo la bomba la inchi 6 nililikataa kwa nguvu zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mafundi wengi tunaamini bomba pana haliwezi kuziba. Bomba la inchi 4 likijaa hubeba karibu lita 7.9 kwa kila mita. Lita 4.5 za choo zingelijaza urefu wa sentimita 57 tu. Katika bomba la inchi 6, linalobeba karibu lita 17.7 kwa mita, lita zilezile zingejaza sentimita 25. Maji yanapotandazwa kwenye sakafu pana, kina chake hupungua, na uchafu hauelei wala hausukumwi. Unakaa. Bomba pana ni la maji mengi. Ukipunguza maji kisha ukapanua bomba, umefanya kosa moja mara mbili.

Tukaamua hivi. Maji ya dobi yarudi chemba ya kwanza, na mama aendelee kupindua mabeseni yake kwa mpigo kama zamani. Maji ya kuoga ya vyumba vinne vilivyo mwanzoni mwa bomba yarudi pia. Ya vyumba 14 vilivyobaki yaendelee kwenda kwenye migomba. Katika vyumba hivyo vinne vya mwanzo, kitufe kikubwa kifunguliwe kutoka lita 4.5 hadi 6, kwa sababu matanki yale yana skrubu ya kurekebisha, na kwa sababu vyumba vya mwanzo havina mtu nyuma yao wa kuwasukumia. Choo kilicho karibu na chemba ya nne husaidiwa na kila choo kilicho juu yake. Cha kwanza kinajitegemea. Tumbo lichimbuliwe, kisiki kitolewe, kifusi kishindiliwe kwa mchanga, bomba lilazwe upya. Kibao cha kuvuta mara mbili kitolewe siku hiyohiyo.

Mzee aliuliza kuhusu karatasi. Meneja wake alikuwa amehamia kwenye karatasi nene na ngumu kwa kuwa hazichaniki mkononi. Tulichukua vipande vitatu vya kila aina iliyokuwa dukani, tukatia kwenye chupa za maji na kutikisa kama dawa ya mtoto. Moja ikawa uji mara moja. Ile ya nyumba ile ilitoka ikiwa nzima, ungeweza kuianika. Ikabadilishwa.

Kulikuwa na wazo la kujenga tanki la kujimwaga lenyewe mwanzoni mwa bomba, linajaa taratibu kisha linamwaga lote kwa mkupuo. Ni ufundi wa zamani na unafanya kazi. Mzee alitazama bei ya saruji, akatazama beseni la mama dobi, tukaendelea na mengine.

Sehemu ya inchi 6 chini ya maegesho tuliiacha. Ilikuwa imefunikwa kwa zege na hakuna aliyetaka kuivunja.

Kazi ilimalizika Oktoba, kabla ya mvua.

Matokeo

Nilikataa kutoa hukumu wakati wa masika. Vifuniko vya chemba vya nyumba ile havikai sawasawa, mvua ikinyesha maji ya ujiani huingia ndani, na mvua kubwa moja ya Tabora inafagia bomba kuliko dobi kumi. Mtu angeweza kusema tumefaulu kumbe ni mawingu. Nikasubiri kiangazi kirudi, msimu wa tumbaku uanze, nyumba ijae.

Mpaka mwisho wa Agosti uliofuata, miezi kumi, bomba lilikuwa limeziba mara moja, katika sehemu ya inchi 6, na kilichotolewa ni kitambaa cha kudekia. Matumizi ya vyoo tuliyakadiria upya kwa wastani wa lita 4 kila mara, yaani lita 320 kwa siku. Kwa hiyo Mzee anaokoa uniti 14 hivi kwa mwezi badala ya 16. Mbili alizozitoa ndizo bei ya kulala usingizi.

Shimo la kunyonya linajaa haraka kuliko alivyotarajia, kwa kuwa maji ya dobi yamerudi. Hilo halijatatuliwa. Na mchicha umepungua. Mpishi amenikumbusha hilo mara mbili, pamoja na ule unga.

Uchambuzi

Hatukuwa wa kwanza. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1992 iliyotaka vyoo vipya visizidi galoni 1.6, yaani lita 6, kutoka vile vilivyokuwa vikimwaga 13 au zaidi, na ikaanza kutumika kwa nyumba za kuishi mwaka 1994. Vyoo vya kwanza vilikuwa vibaya. Watengenezaji walipunguza tanki bila kubuni upya sinki, na watu wakavuta mara mbili kama wageni wa Mzee. Ilipofika 2003 ukaanzishwa upimaji wa hiari uliotumia ule uji wa soya, choo kikapewa alama kwa gramu kinazoweza kuondoa kwa mara moja, na masinki yakaboreka upesi. Baada ya hapo hoja ikahama kutoka kwenye sinki kwenda kwenye bomba: sawa, uchafu umetoka chooni, je, umefika?

Mwaka 2012 muungano wa utafiti wa mabomba huko ulitoa matokeo ya majaribio katika bomba la inchi 4 lenye urefu wa futi 135, mita 41 hivi, kwa mteremko wa asilimia 1 na 2, na kwa lita 6, 4.8 na 3. Kiasi cha maji kilikuwa na uzito, mteremko ulikuwa na uzito, na ugumu wa karatasi ikishalowa ulikuwa na uzito mkubwa ambao wengi hawakuutarajia. Kwa lita 3 mwendo wa uchafu ulikuwa wa vurugu, haukutabirika. Nilipoona karatasi ya nyumba ile ikitoka kwenye chupa ikiwa nzima, ndiyo majaribio hayo niliyoyakumbuka.

Utafiti wa miaka mingi wa John Swaffield na wenzake katika Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, Uskoti, unaeleza kile tulichokiona na mpira wa bustani. Maji ya choo hutoka kama wimbi fupi lenye kichwa. Linavyosafiri linajinyoosha, kichwa kinashuka, na uchafu hushushwa njiani usubiri wimbi lijalo. Uchafu husukumwa na maji yanayojikusanya nyuma yake. Maji yasipotosha kuwa kizuizi nyuma, hupita kando. Kwa hiyo lita 20 za beseni na lita 20 za mpira ni vitu viwili tofauti kwa bomba, ingawa mita ya maji inazihesabu sawa. Hata wageni wanaojitawaza kwa maji, na Tabora ni wengi, huongeza lita moja mbili chooni bila kusaidia sana msukumo, kwa sababu huingia kidogokidogo. Faida yao ni kwamba hawaleti karatasi, na hiyo ni faida kubwa.

Kilichofaa katika kisa hiki: kupima kabla ya kuchimba, na kubadilisha vyumba vinne badala ya vyote 18. Kilichoharibika tangu mwanzo ni kufanya mabadiliko matatu kwa mwezi mmoja. Mzee angeanza na vyoo peke yake, akaacha maji ya kuoga na ya dobi mahali pake hadi kiangazi kipite, nina hakika tumbo lile lingevumilia kama lilivyovumilia miaka yote.

Kosa langu mwenyewe ni moja. Nilifika na levo, nikakagua bomba zima, nikaongea na Mzee, meneja, mlinzi na fundi, na mtu aliyekuwa akimwaga maji mengi kuliko wote kwenye bomba lile nilimpita mlangoni asubuhi nikamwambia habari za kazi. Alinipata mchana kwa sababu ndoo yangu ilimkera.

Nilipokwenda Agosti kukagua, yale mabomba ya inchi 6 yalikuwa bado yamelala ukutani, kuku wanatagia ndani yake. Mzee alinikaribisha chai na kuniambia anafikiria kununua mashine ya kufulia, mama amezeeka, mgongo unamsumbua. Nilimwomba kabla hajailipia anipe siku moja nayo na ndoo, nipime inamwaga lita ngapi kwa mkupuo na kwa kasi gani. Mama dobi, aliyekuwa anaanika, alisema tukipima tusisahau kununua unga wetu wenyewe.